Mshono Uliolala Kushoto

Mama Zipu alikuwa na wivu. Tuseme hivyo mapema, tusije tukafika katikati mtu akadai hakuambiwa. Wala haukuwa ule wivu mdogo wa kununa jioni na kusahau asubuhi. Wake ulikuwa na miguu. Ulitoka nyumbani pamoja na mumewe, ukamfuata kazini, ukashinda naye huko, ukarudi naye jioni ukiwa na njaa vilevile.

Jina la Mama Zipu alipewa na majirani, kwa kuwa hakuna zipu iliyowahi kumshinda, iwe ya begi la shule au ya suruali ya mtu mnene. Lakini riziki yake ilikuwa mikoba. Siyo mifuko ya kubebea vitunguu, hapana. Mikoba ya majina makubwa, ile ambayo ikiwa mpya huwekwa peke yake kwenye kabati la kioo ikamulikwa taa. Ikishachoka huko ilikokuwa huuzwa mitumba, na ikifika mtaani hufika na magonjwa yake. Bitana inanuka uvundo, pembe zimechubuka, vyuma vimefifia, na ndani kuna doa la rangi ya mdomo ya mwanamke ambaye hakuna atakayemjua. Walioinunua walimpelekea Mama Zipu nyumbani, naye aliitibu sebuleni, juu ya meza ya chakula. Familia ilikuwa imeshazoea kulia mapajani.

Kazi yake ilikuwa na utaratibu na hakukubali kuharakishwa. Aliupekua mkoba kwanza, maana humo alishakuta pini za nywele, pipi zilizoganda na hata jino la mtoto. Kisha aligeuza bitana nje, akaifuta kwa maji yenye siki kidogo na kuianika kivulini, kwa sababu jua hukausha ngozi mpaka ipasuke. Ngozi aliisugua kwa mswaki laini na sabuni yake maalumu, na siku zote alianza kujaribu chini ya kitako, mahali pasipoonekana. Vyuma alivisugua kwa dawa ya meno. Pembe alizipaka rangi kwa kijiti, tabaka juu ya tabaka, akipuliza kama anayepoza uji wa mtoto. Mwenye mkoba akija kuuchukua alikuwa anauliza kama kweli ni wake.

Lakini kilichomjengea jina zaidi ni mshono wa kishikio. Kishikio ndicho kinachobeba mzigo wote, na kikiachia, mambo ya mwenye mkoba yanakuwa hadharani. Mama Zipu alikishona kwa mkono, kwa uzi wenye nta na sindano mbili. Akifika mwisho aliichoma ncha ya uzi kwa kiberiti, akaikandamiza na mgongo wa kijiko cha chai mpaka ikalala bapa, huioni hata ukiitafuta. Mbinu hiyo ya kijiko aliibuni mwenyewe baada ya kuunguza vidole vya kutosha, na hakumfundisha mtu isipokuwa mumewe.

Mumewe aliitwa Shoto, kwa kuwa mkono wake wa kushoto ulifanya kila kitu isipokuwa kusalimia watu. Mchana alipaka rangi nyumba. Jioni, akishaoga, aliketi upande wa pili wa meza na mkewe upande huu, kishikio kimebanwa katikati yao kwa mbao mbili. Yeye anapitisha sindano kutoka kwake, mkewe kutoka kwake, tundu ni lilelile, halafu wanavuta pamoja. Hawakuwa na maneno mengi. Mama Zipu hakuwahi kumwambia mtu, lakini kwake ndoa ilikuwa pale. Wenzake wana picha za harusi ukutani, yeye alikuwa na kiti kile cha upande wa pili na mwanamume aliyekikalia. Alichoogopa duniani ni kimoja tu, kwamba siku moja mwanamume huyo atakwenda kuvutia uzi kwenye meza ya mwanamke mwingine.

Mwingine aliyewahi kukaa kwenye kiti hicho alikuwa mama mkwe, na mama mkwe humkatazi. Bibi huyo aliishi peke yake nyuma ya soko. Alikuwa msafi, mpole, nywele zake nyeupe zimesukwa vizuri kila umwonapo. Kuna kipindi alikuwa akija mchana, mwanawe yuko kazini, anakaa kwenye kiti kile na kikombe chake cha chai, anatazama mikono ya mkwewe. Mama Zipu alijua amekuja kuchunguza. Mama wa mtu akikutazama kimya hivyo, si anahesabu makosa yako tu?

"Na huo uzi mbona umeota manyoya?" bibi aliuliza siku moja, akionyesha kishikio kilichokatika.

"Umechoka huo, mama. Uzi uliochoka hukatika na manyoya. Ukiona ncha ni safi, ujue umekatwa. Wapo wateja wa hivyo, anakata mwenyewe halafu anakuja kudai fundi kaharibu."

"Kumbe," alisema bibi, akanywa chai.

Siku nyingine alinyoosha mkono juu ya meza. "Hebu na mimi nijaribu, mwanangu."

"Aa, mama, wewe tulia unywe chai yako," alijibu Mama Zipu, kwa adabu zote, lakini sindano aliivuta kwake. "Hivi ni vitu vya watu. Na macho yenyewe hayo, si utajichoma bure?"

Bibi aliurudisha mkono kwenye kikombe. Baada ya hapo akawa haji sana, na Mama Zipu alishukuru kimoyomoyo.

Basi, mambo yalianza siku mwenye saluni alipoleta mkoba wake. Huyu mwenye saluni ya barabara kubwa alikuwa mwanamke mzuri, wa kucheka kabla ya kuongea, na saluni kwake alikuwa na rafu ya mikoba ya mitumba aliyowauzia wateja wakiwa wamekaa chini ya mashine ya kukausha nywele. Mkoba aliouleta ulikuwa wa rangi ya chai yenye maziwa mengi, wa jina kubwa, umechafuka vibaya.

"Nisafishie tu," alisema. "Kishikio usikiguse, kimeshashonwa."

Mama Zipu akauweka mkoba chini. "Kimeshonwa na nani?"

"Ah! Siri hiyo. Nimekula kiapo, usinitapishe." Akaangua kicheko. "Ila mtu mwenyewe unamjua. Tena wa karibu yako kweli. Ana mkono mtamu huyo, we acha tu. Nikimaliza na huu nataka nimpe rafu yote."

Akaenda zake, visigino vinalia mpaka getini. Mama Zipu akauvuta mkoba kwenye mwanga wa dirisha na kukikunjua kishikio.

Mshono ulikuwa umelala kushoto.

Hapo lazima tueleze, maana asiyeshona ngozi ataona uzi tu. Mshono wa sindano mbili haukai wima. Kila pindi hulala kidogo, na unalalia wapi hutegemea mkono gani unaotangulia. Wa Mama Zipu ulilala kulia, kama wa mafundi wengine wote aliowahi kufumua kazi zao. Katika miaka yake yote ya mikoba alishaona mshono mmoja tu uliolala kushoto, nao ni wa mumewe akishona peke yake. Akaenda upesi mwisho wa mshono, akapapasa kwa ukucha. Ncha ilikuwa imechomwa. Ilikuwa imekandamizwa na mgongo wa kijiko.

"Loo!" alisema kwa sauti, akiwa peke yake sebuleni. "Loo, Shoto! Mpaka kijiko changu?"

Angembandikia mtu mkoba kwa gundi, Mama Zipu asingelia. Angempakia mtu rangi nyumba nzima bure, sawa, angemgombeza yakaisha. Lakini uzi, sindano, kijiko, vitu vya meza yao? Alimwona mwenye saluni amekaa kwenye kiti fulani mahali fulani, anacheka, na mumewe upande wa pili anavuta uzi. Wa karibu yako kweli! Amemletea mkoba mwenyewe, mkononi, amwonyeshe. Dharau ya namna gani hiyo, jamani? Mtu akuibie na akuletee ulichoibiwa umfulie?

Akaenda kwenye kopo la nyuzi. Ule uzi wa rangi ya chai alioununua juzijuzi tu ulikuwa umekonda kuliko kazi aliyoufanyia. Dalili ya mvua ni mawingu, na kwa Mama Zipu ilishaanza kunyesha.

Jioni hiyo Shoto alichelewa kurudi, kama Jumatano kadhaa za karibuni, kisha wakakaa mezani kama kawaida, kishikio cha mteja mwingine katikati yao.

"Jumatano hizi unapaka wapi?" aliuliza, bila kuinua macho.

"Palepale, kwa mwalimu."

"Kwa mwalimu hapaishi? Nyumba ina kuta ngapi?"

"Kuta ni zilezile nne, mke wangu. Ila mwalimu akiamka anabadilisha rangi." Shoto akacheka mwenyewe. Mkewe hakucheka. Alikuwa anatazama kucha zake. Ilikuwa Jumatano, na chini ya kucha za mpaka rangi huyo hapakuwa na rangi. Palikuwa na nta.

Kesho yake alipita kwa mwalimu, akijifanya anakwenda dukani. Nyumba ilikuwa imeshapakwa, imekauka, na mtoto wa mwalimu alishauchora ukuta mzima kwa mkaa. Mama Zipu alisimama hapo njiani mpaka mbwa akachoka kumbwekea. Mtu aliyekudanganya Jumatano moja, za nyuma zote unazihesabu za nini?

Sasa, mwanamke mwingine angemkalisha mumewe akamuuliza, wakagombana, mambo yakajulikana siku hiyohiyo. Mama Zipu alishindwa. Aliogopa jibu. Akiuliza na mume akasema ndiyo, itakuwaje? Kiti kile kitabaki kitupu, na kwenye meza ile atakula chakula kama watu wengine. Kwa hiyo alinyamaza, na wivu ukamnyima usingizi na ladha ya chai. Alinusa mashati. Mume akipiga mluzi, aliuliza moyoni nani kamfundisha wimbo huo. Jirani mmoja alimwambia amepungua, amependeza, akamjibu vibaya mpaka jirani akaenda kulalamika kwa wenzake.

Na mkoba alikuwa nao palepale mezani. Aliusafisha, tena vizuri, kwa kuwa mkono wake haukujua kufanya kazi mbaya. Kila akiusugua macho yalirudi kwenye kishikio. Mshono ule ulikuwa mzuri, na hilo ndilo lililomuuma kupita yote. Ulikuwa sawasawa kuliko ambavyo Shoto aliwahi kushona akiwa naye. Kila pindi limewekwa kwa subira, kwa heshima, kama mtu anayeandika barua kwa anayempenda. Kwake mumewe alishona akipiga miayo. Huko alikuwa anashona hivi!

"Akutendaye mtende," alisema Mama Zipu, akachukua wembe.

Methali hiyo ina nusu ya pili, inayosema mche asiyekutenda. Siku hiyo aliikumbuka nusu moja tu. Alikikunja kishikio kinapoingia kwenye pete ya chuma, ndani ya mkunjo, mahali pasipoonekana, akakata pindi moja, akaacha, akakata jingine, akaacha. Aliyafuta mavumbi ya uzi kwa kidole. Ukiutazama mkoba ulikuwa mzima. Ukiutia vitu na kutembea nao, ilikuwa suala la muda tu. Moyo wake ulikuwa mtamu kabisa, tusimsingizie majuto ambayo hakuwa nayo.

Mwenye saluni alikuja, akaushangaa mkoba ulivyong'aa, akambusu fundi mashavuni. Mama Zipu akayapokea mabusu kama mtu anayepokea sindano hospitali.

Wiki haikupita, visigino vikasikika tena getini, safari hii bila kicheko.

"Mama Zipu, nimeaibika! Nimeaibika mbele ya benki, watu wamejaa, kishikio kikaachia! Vitu vyangu vyote chini. Mlinzi ananiokotea nguo yangu ya ndani ya akiba anauliza, dada, na hii ni yako?"

"Masikini," alisema Mama Zipu, akijitahidi kuuzuia mdomo wake.

"Nimemwendea fundi wangu, nikamwambia usoni: ungesema tu huwezi, nisingekasirika. Kazi usiyoiweza unaichukulia nini? Basi hakunijibu neno. Alikichukua kishikio chake, akakitazama, akakitazama, akakikunja kwenye kitambaa. Mimi na yeye tumemalizana. Rafu yote ni yako, anza siku utakayotaka."

Kilichomgonga Mama Zipu siyo rafu. Kilimgonga kimya cha huyo fundi. Shoto hakuwa mtu wa kunyamaza akisingiziwa kazi mbaya. Lakini furaha ilikuwa kubwa na akaipita habari hiyo haraka. Alimsindikiza mgeni mpaka barabarani, akarudi anaimba.

Jioni Shoto alirudi amenyong'onyea. Alikaa kwenye kiti chake, akashika sindano, akaiweka chini.

"Leo sina mkono," alisema.

"Umefiwa?" aliuliza mkewe, kwa sauti tamu kama sumu ya panya.

"Hapana. Kuna mtu amevunjika moyo, na mimi sijui nimsaidieje."

Yaani anamsema mbele yake! Kumbe mwenye saluni alikuwa tarishi tu, mwanamke mwenyewe ni mwingine, fundi mwanamke, amefundishwa kushona na Shoto kwa mkono wa kushoto! Hapo ndipo mambo yote yalipokaa sawa kichwani mwake, na yalipokaa sawa ndipo yalipouma vizuri. Alimwona msichana fulani, kucha ndefu, analia juu ya kishikio, na Shoto anambembeleza.

"Atapona," alisema. "Waliovunjika moyo hawafi. Mimi niko hapa."

Shoto alimtazama mkewe kwa muda, hakuelewa, akaenda kulala na njaa.

Jumapili mchana mlango uligongwa. Alikuwa Shoto, na nyuma yake mama yake, ameshika kitambaa kilichokunjwa. Nywele zilikuwa hazijasukwa. Mama Zipu alipoziona tu zimesimama hivyo alishtuka, maana hakuwahi kumwona bibi yule ovyo. Akamsalimia kwa kuinama, akamvutia kiti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Sitakaa sana. Nimekuja kwa mwalimu wangu." Bibi aliweka kitambaa mezani, akakikunjua. Ndani kulikuwa na kishikio cha rangi ya chai yenye maziwa mengi. "Nimekuja uniambie nilipokosea."

Mama Zipu alikitazama kishikio. Akamtazama mama mkwe. Akakitazama tena kishikio.

"Ni mama ndiye aliyeshona," alisema Shoto, akiketi kwenye kiti chake kwa haya kidogo. "Usinikasirikie. Aliniapisha. Jumatano nilikuwa namtungia uzi sindanoni, macho yake hayaoni tundu. Uzi nilikuwa nachukua kwenye kopo lako, na kijiko nilimwonyesha mimi. Nilijua utanisema, nikasema acha nisemwe siku ya mwisho."

"Lakini mama," sauti ya Mama Zipu ilitoka nyembamba, "wewe si wa mkono wa kulia? Mshono huu umelala kushoto."

"Nilikaa wapi mimi, nilipokuwa nakutazama?" Bibi alinyoosha kidole kwenye kiti cha upande wa pili. "Pale. Uso kwa uso. Mkono wako wa kushoto ulikuwa upande wa mkono wangu wa kulia. Basi mkono wangu wa kulia ukafuata ulioko mbele yake. Sikujua kama nimejifunza kinyume mpaka huyu mwanangu aliponicheka. Anasema nashona kama yeye."

Shoto akatabasamu. Mkewe hakuweza.

"Mwenye saluni ndiye anayenisuka," bibi aliendelea. "Nikamwomba mkoba mmoja nijaribu. Nikamwambia, ukiisha upeleke kwa mke wa mwanangu, kwa usafi hakuna kama yeye. Ila usiseme nani kashona. Nilitaka uuone, mwanangu. Nilisema, kama ni mbovu ataufumua na nitajua. Kama ni mzuri atauacha. Ule ulikuwa mtihani wangu. Mkoba uliporudi na mshono haukufumuliwa, nililia. Nilisema, nimefaulu."

Nje mtoto alikuwa anapiga mpira ukutani, unarudi, anaupiga tena.

"Sasa hebu njoo uone hapa." Bibi alivaa miwani yake, akakikunjua kishikio mahali palepale kinapoingia kwenye pete. Vidole vyake vilipajua. "Uliniambia wewe mwenyewe, kwenye meza hii. Uzi uliochoka hukatika na manyoya. Mimi nimeutazama huu dirishani, nikautazama kwa tochi. Hauna manyoya. Ncha ni safi. Pindi moja limekatwa, jingine limeachwa. Nikasema labda mwenye saluni. Lakini mwenye saluni hawezi kukata hivi, ana kucha zile. Huyu aliyekata anajua kishikio kinabeba mzigo wapi."

Alivua miwani, akaifuta kwa pembe ya kitambaa. Hakumtazama mkwewe usoni, na afadhali angemtazama.

"Amekata nani, mama?" aliuliza Shoto. Tabasamu lilishamtoka. Alimwangalia mama yake, kisha akamwangalia mkewe.

Mama Zipu angeweza kusema hajui. Neno lenyewe lilishafika mdomoni. Bibi asingembishia, hilo alilijua, alikuwa ameuacha mlango wazi makusudi. Lakini macho yake yalikuwa yameangukia ule mshono, mapindi yale ya subira na heshima aliyoyaonea wivu mpaka akakosa usingizi. Barua kwa anayempenda. Na kweli ilikuwa imeandikwa hivyo, tena alikuwa ameandikiwa yeye.

"Mimi," alisema.

"Wewe?"

"Kwa wembe. Nilidhani ni wewe, Shoto. Nilidhani unamshonea mwanamke mwingine. Nilikwenda mpaka kwa mwalimu nikakuta nyumba imekauka. Niliona mshono umelala kushoto nikasema una meza nyingine." Machozi yalikuja, hakuyafuta. "Nisamehe, mama. Mama yangu, nisamehe. Ulikuwa mzuri. Niliukata kwa sababu ulikuwa mzuri."

Mtu angetegemea Shoto acheke, maana kisa kina kichekesho chake, mke kumwonea wivu mama mkwe wa miaka ile. Hakucheka. "Mama hajatoka ndani tangu siku ile," alisema. "Hata kusukwa hakwenda. Na mimi uliniuliza kama nimefiwa." Akasimama, akakirudisha kiti chake mezani taratibu, akaenda kusimama mlangoni akiwapa mgongo.

Mama Zipu alikitazama kiti kitupu. Hicho ndicho alichokiogopa siku zote, na kilichomwondoa mtu humo ni wembe wake mwenyewe.

Bibi akainuka. Mkwewe alidhani anaondoka, akaanza kupiga magoti, lakini bibi alizunguka meza polepole, akishika ukingo wake, akaketi kwenye kiti kile cha upande wa pili.

"Kesho utakipeleka wewe saluni," alisema. "Si Shoto, si mimi. Na utamwambia nani alikata."

"Nitamwambia, mama."

"Atakusema."

"Nastahili aniseme."

"Na rafu?"

"Ni yako, mama."

"Rafu nzima ya nini mimi, na macho haya? Tutagawana." Bibi akakibana kishikio kati ya zile mbao mbili, bila kuuliza kinabanwaje. "Mwanangu, hebu acha kununa huko mlangoni, njoo ututungie uzi."

Shoto akaja. Alizitunga sindano zote mbili, akampa mama yake moja, na ya pili akaiweka mezani mbele ya mkewe, hakumpa mkononi. Kisha akarudi mlangoni. Lakini safari hii alisimama akiwatazama.

Bibi alipitisha sindano kutoka kwake. Ikatokeza upande huu, katika tundu lilelile, mahali hasa ambapo ya Shoto hutokeza, na Mama Zipu akapitisha yake. Bibi alikuwa anashona vizuri kuliko mwanawe, na pengine, Mungu amsamehe, kuliko mkwewe pia. Mama Zipu aliliona hilo, na akasikia kile kidude cha siku zote kikijinyoosha tena kifuani mwake. Akashika uzi, akavuta kwa nguvu.

"Polepole, mwanangu," alisema mama mkwe, macho yake kwenye kishikio. "Huu usiukate."